Staringi Hafi, Bali Huumia

Kila aliyepata kuketi katika kibanda cha video aijua kanuni ambayo vijana huitamka hata kabla ya picha kuanza, ya kwamba staringi hafi. Na maadamu hadhira imekwisha kuisadiki kanuni hiyo, lingekuwa jambo la ajabu mtu mzima kuzuia pumzi kwa ajili ya shujaa, lau khofu yake ingekuwa juu ya uhai wa shujaa huyo. Taharuki, kama waiitavyo wataalamu wa tamthilia, haikai hapo. Hukaa katika swali la atafikaje, na akifika atakuwa amebakiwa na nini.

Katika "Commando" ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger avamia kisiwa na kuwaangusha askari kwa makumi, ilhali risasi zao aghalabu zampita. Wala siudharau mchezo huo. Ila furaha yake ni ya mtu atazamaye fataki, kwani kila mlipuko huzima papo hapo usiache deni kwa ule ufuatao.

Mwaka 1988 mwongozaji John McTiernan alitoa "Die Hard", akampa nafasi ya shujaa Bruce Willis, ambaye Wamarekani walimzoea zaidi katika vichekesho vya televisheni. John McClane, polisi wa New York, awasili Los Angeles mkesha wa Krismasi kwa nia ya kupatana na mkewe. Na kwa kuwa abiria mwenziwe ndegeni amemshauri kwamba dawa ya uchovu wa safari ni kuvua viatu na soksi na kukunja vidole vya miguu juu ya zulia, majambazi wavamiapo jengo alimo humkuta katika hali hiyo, akakimbia pekupeku. Amuuapo mmoja wao, viatu vya maiti havimwenei. Mtazamaji hucheka, akasahau. Hans Gruber, kiongozi wa majambazi, aliyeigizwa na Alan Rickman, hasahau: akutanapo na McClane uso kwa uso, naye amejifanya mateka, huitazama ile miguu mitupu, na baada ya muda mfupi, katikati ya mapambano, amwamuru mfuasi wake avipige risasi vioo. McClane hana njia ila kupita juu ya vigae. Tumwonapo tena ajikokota hadi chooni huku ameacha michirizi ya damu sakafuni, akaketi kuvichomoa vipande kimoja kimoja, akizungumza kwa redio na sajini Al Powell, mtu asiyepata kumwona, na kumtaka amwombee radhi kwa mkewe.

Tangu hapo mwandishi hana haja ya kuongeza maadui, kwa kuwa ngazi ile ile aliyoipanda mwanzo kwa mbio sasa ina gharama yake. Nguvu zipunguapo, hila huongezeka: mwishoni McClane, mwenye risasi mbili tu, abandika bastola mgongoni kwa utepe wa kufungia zawadi.

Yafaa tutofautishe udhaifu huu na ule wa Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, ambaye hakudhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Huko khofu yetu yamwelekea mwanawe aliyeijua siri, kwani mwili uliobaki wa Liongo hauna cha kuogopewa. McClane, kinyume chake, adhurika popote, na kila jeraha huhamia naye katika onyesho lifuatalo.

Sharti hilo likivunjwa, hata jina la shujaa haliponyi picha. Katika filamu ya nne ya mfululizo huo, ya mwaka 2007, McClane aruka juu ya ndege ya kivita, akateleza juu ya barabara iliyobomoka, kisha akainuka na kuendelea na shughuli zake. Kweli, mwishoni ajipiga risasi begani ili impate adui amkabaye kwa nyuma, nalo ni wazo zuri. Lakini jeraha hilo laja dakika ambayo hakuna tena ngazi ya kupanda.