Kuziba Pancha za Magurudumu Madogo: Dawa ya Maji na Kiraka

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia baiskeli, pikipiki na matoroli katika Wilaya za Karatu na Ngorongoro wanakumbushwa kuwa tyubu nyingi huko hutobolewa na miiba ya migunga, na kwamba njia za kuziba pancha hazifanani.

Dawa ya maji, ambayo kwa kawaida ni utomvu wa mpira uliochanganywa na nyuzinyuzi, hutiwa ndani ya tyubu kupitia kwenye vali. Upepo unapotoka huisukuma hadi kwenye tundu, ikaganda hapo. Faida yake ni kuwa msafiri wa Mang'ola halazimiki kufungua gurudumu juani. Hata hivyo, haizibi mpasuko, na hukauka baada ya miezi kadhaa.

Kiraka ndicho hudumu. Tyubu hukwanguliwa kwa msasa, ikapakwa solusheni na kuachwa ikauke kidogo. Wengi hubandika ingali mbichi, kisha humlaumu fundi kiraka kinapobanduka. Kabla ya kurudisha tyubu, tairi lipapaswe ndani kwa uangalifu, kwani mwiba uliobaki hutoboa upya usiku huohuo.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako nyati na tembo hukatiza njia, kukaa chini kubandika kiraka ni hatari. Wanaopita huko watie dawa kabla ya safari. Wakifika kijijini, tyubu ioshwe, ikaushwe, ndipo ibandikwe kiraka.