Je, Wajua? Hadithi ya utumwa haiko mbali na Makomeno

Je, wajua kwamba msomaji wa Makomeno, hapa Lubumbashi, hahitaji kuanzia Marekani anapotafuta hadithi za utumwa? Kabla Lubumbashi haijajengwa mwaka 1910, Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyetoka Unyamwezi, aliuza shaba, pembe za ndovu na watu ili apate bunduki. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891.

Misafara ya biashara ya namna hiyo ndiyo inayopita katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), ambayo leo inasomwa kwa Kiswahili kama Peponi. Kijana Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake, kisha anasafiri na msafara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, yaani upande wetu wa Kongo. Ukimaliza, shika Beloved ya Toni Morrison (1987), ya mama aliyemuua mwanawe asirudishwe utumwani. Inauma, na ni haki iume.

Halafu weka riwaya kando. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani. Itafute, uisome kwa sauti mbele ya watoto.