Roketi ya Mabaki



Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala mji wake. Ana mwana aliye kidato cha pili. Chini ya kitanda cha kijana huyo mama amekuta sanduku, na ndani ya sanduku kipande cha bomba la maji la chuma, tochi iliyokufa, betri nne, waya wa redio kuukuu, mwavuli uliovunjika mbavu, na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vichwa vya viberiti vilivyokwanguliwa kimoja kimoja. Alipoulizwa, kijana alijibu kwamba anaunda roketi. Mama anatuuliza: Je, Pasta, nilitupe sanduku lote? Au nimwache, maana tangu aanze jambo hili amekuwa akifanya hesabu bila kusukumwa?

Sisi hatukufundishwa habari za roketi katika chuo cha thiolojia, na mtu akitaka kutucheka ana ruhusa. Lakini barua hii ilituondolea usingizi kwa sababu ya ule mkebe. Kwa hiyo tulisoma, tukawauliza na walimu wa fizikia, na leo tunamjibu mama huyu, na wazazi wengine wasikie.

Kwanza, mama, mabaki yenyewe si kosa. Sisi watu wa kanisani hatuwezi kuyadharau, tukikumbuka vile vikapu kumi na viwili. Hata roketi kubwa zimewahi kuundwa kwa vitu vilivyokuwapo tayari. Wazee wa Malindi na Ngomeni wanakumbuka majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini. Mojawapo, liitwalo Santa Rita, hapo kwanza lilikuwa jukwaa la kazi ya mafuta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout iliruka kutoka huko baharini ikiwa imebeba chombo cha kuchunguza miali ya eksirei kutoka katika nyota. Chombo hicho kikapewa jina la Uhuru. Na hiyo Scout yenyewe iliunganishwa kutokana na mota zilizotokana na kazi za makombora na roketi nyingine. Lakini kila kipande kilipimwa kabla ya kuunganishwa na mwenzake, na hapo ndipo penye kiini cha jibu letu.

Sasa tumtazame kijana aliyekuwa na sanduku kama la mwana wako, tena lenye tochi ndani yake. Huyu ni Homer Hickam wa Coalwood, mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, Marekani. Mwezi wa Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na Homer, mwenye umri wa miaka 14, akaingiwa na hamu ya kuunda roketi. Ya kwanza aliiunda kwa gamba la tochi na baruti ya fataki. Je, iliruka? La, haikuruka. Ililipuka na kuuharibu ua wa bustani ya mawaridi ya mama yake. Hakuna aliyeumia. Sisi tunasema ilikuwa bahati, wala hatutaki mtu asikie hadithi hii akadhani kwamba bahati ile hugawiwa kila nyumba.

Homer na wenzake waliendelea. Kiwanja chao kilikuwa jalala la mabaki ya makaa, mbali na nyumba za watu. Walijenga kibanda cha mbao na bati wapate kujificha nyuma yake. Roketi zao waliziita Auk, jina la ndege wa zamani asiyeweza kuruka, jambo linaloonyesha kwamba vijana wale walijua kujicheka. Mafundi wa karakana ya mgodi waliwachomelea mabomba. Mwalimu wao, Freida Riley, alimpa Homer kitabu kigumu cha uundaji wa makombora, na vijana wakalazimika kujifunza hesabu zilizowapita umri. Katika miaka ile michache walirusha roketi zaidi ya 30, na mwaka 1960 wakapata medali katika maonyesho ya sayansi ya taifa huko Indianapolis. Baadaye Homer alikuwa mhandisi wa NASA, na mwaka 1998 akaandika kitabu juu ya habari hii, kikatolewa filamu mwaka uliofuata.

Hadithi nzuri, sivyo? Lakini siku zile zile vijana wengine wengi wa Marekani walijaza mabomba yao kwa baruti za kubuni jikoni. Waliumia vidole na macho, na wapo waliokufa. Hao hawakuandikiwa filamu.

Hebu tueleze kwa nini. Kichwa cha kiberiti kina ndani yake kitu cha kuungua pamoja na oksijeni ya kukiunguza. Hakingoji hewa ya nje, na msuguano mdogo tu watosha kukiwasha. Vikikaa vingi pamoja, kimoja huwasha vyote. Vikishindiliwa ndani ya bomba la chuma, gesi haina nafasi ya kutoka kwa kasi inayozaliwa, na chuma kikipasuka huruka vipande vipande. Kitu hicho, mama, hakistahili jina la roketi. Ni bomu, hata kama aliyeliunda alikusudia mema.

Mtu aliyeonyesha njia nyingine alikuwa muuza viatu. Orville Carlisle alikuwa na duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, na alipenda sana mambo ya fataki. Mwaka 1954 aliunda roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi ili ndugu yake, mpenzi wa ndege za mfano, aitumie katika mafundisho yake. Mwaka 1957 alimpelekea mifano yake G. Harry Stine, mtu aliyefanya kazi ya roketi kule White Sands na ambaye alikuwa akihangaishwa na ajali za vijana. Kutoka kwa wawili hao ulianza mchezo ambao watu wengi wa Marekani, wazee kwa watoto, wanaucheza mpaka leo.

Siri ya roketi ya Carlisle ni kwamba moto uko mahali pamoja tu. Mota yake ni kimrija cha karatasi nene, na ile ya kawaida ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 70. Chini ina tundu la udongo mgumu, na juu ya tundu hilo baruti iliyoshindiliwa kwa mashine kiwandani. Baruti hiyo ikiisha, huungua kwanza sehemu ya kuchelewesha kwa sekunde chache, roketi ikizidi kupanda. Kisha hulipuka kidogo kuelekea juu, hukisukuma kichwa cha roketi kitoke, na mwavuli hufunguka. Roketi hushuka polepole, na kesho yarushwa tena kwa mota mpya.

Na ndipo ulipotokea ufundi wa mabaki. Kila mcheza roketi mzoefu ana sanduku kama la mwana wako: kichwa cha roketi iliyopoteza kiwiliwili chake juu ya mti, mapezi yaliyosalia, bomba la kadibodi la karatasi ya jikoni, mrija wa soda ambao hugundishwa ubavuni ili roketi ipande ikifuata fito wakati wa kuondoka. Mwavuli waweza kukatwa katika mfuko wa plastiki. (Kwetu mifuko hiyo ilikatazwa Agosti 2017, lakini karatasi ya mkate yafaa.) Sheria za mchezo wao zinakubali karatasi, mbao, mpira na plastiki nyepesi, lakini chuma kimekatazwa katika kichwa, kiwiliwili na mapezi. Na mota haiokotwi, haifunguliwi, wala haijazwi tena nyumbani.

Hata hivyo vipande vizuri havileti roketi nzuri. Tuseme umepata mapezi manene ya roketi kubwa, ukayagundisha kwenye bomba jembamba. Mkia sasa ni mzito. Roketi hii ikiondoka itapinduka na kuwafukuza waliokuja kuitazama. Mzee wa Kikamba aliyezoea kutengeneza mishale angeelewa mara moja, kwa maana yeye huweka chuma mbele na manyoya nyuma. Uzito hukaa mbele, nao upepo hushika nyuma, ndipo mshale hufuata ncha yake. Kwa roketi, pale inapokaa sawa ukiiweka juu ya kidole panapaswa kuwa mbele ya pale ambapo upepo huisukuma, kwa umbali usiopungua upana wa kiwiliwili chake.

Kuna jaribio lisilohitaji hesabu nyingi. Funga uzi wa mita mbili au tatu mahali pale roketi inapokaa sawa, na iwe kamili, yaani pamoja na mota yake. Izungushe juu ya kichwa chako. Kichwa chake kikitangulia bila kuyumba, ni salama. Ikienda kinyumenyume au ikijipindua, ongeza udongo kidogo kichwani au mpe mapezi mapana zaidi, kisha uizungushe tena. Sisi tulijaribu kwa bomba la kadibodi na mapezi ya boksi la sabuni, nyuma ya nyumba, na mara ya kwanza ilizunguka mkia ukiwa mbele. Donge la udongo lenye ukubwa wa kunde mbili likaiponya.

Sasa jibu lako, mama. Usilitupe sanduku. Ule mkebe uzamishe wote ndani ya ndoo ya maji leo, mwanao akiwa karibu, wala mtu asivikwangue wala kuvikausha vichwa vile. Bomba la chuma limrudie fundi wa mabomba. Na mwanao ajue kwamba hapa Kenya kutengeneza vilipuzi bila leseni ni kuvunja sheria, hata ukiwa mtoto wa shule.

Badala yake mpe chupa ya soda ya plastiki na pampu ya baiskeli. Iwe chupa iliyotiwa soda, si ile ya maji ya kunywa, kwa kuwa chupa ya soda imeundwa kuvumilia msukumo wa gesi. Isiwe na mikwaruzo wala isiwe imelala juani miezi mingi. Kioo na chuma havitumiwi kabisa. Atie maji theluthi moja, afunge kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa sindano ya kujazia mpira wa miguu, aisimamishe chupa kichwa chini juu ya mbavu za ule mwavuli zilizofungwa kwa waya wa redio, kisha apige pampu akiwa mita kadhaa kando, kwa mpira mrefu. Kizibo kitachomoka, maji yatarushwa chini, na chupa itapanda, kwa maana kinachosukumwa chini nacho husukuma juu. Kizibo kikikataa, asiikaribie wala asiinamie juu yake. Akiwa pale pale aliposimama aufungue mpira kwenye pampu, upepo utoke.

Mapezi ya kadibodi na udongo wa kichwani atavihitaji kama zile roketi za karatasi, na jaribio la uzi ni lile lile, ila chupa iwe tupu.

Kisha apime. Asimame mita 30 kutoka pale chupa iliposimama, ashike kipimapembe cha shuleni kilichofungiwa uzi wenye kijiwe, aelekeze ukingo wake kwenye chupa inapofika kileleni. Pembe ikiwa digrii 45, chupa imepanda mita 30 juu ya macho yake. Kwa pembe nyingine itambidi amuulize mwalimu wake wa hesabu, na tunadhani mwalimu huyo atafurahi.

Tungependa kupokea barua ya pili, mama, nayo aiandike kijana mwenyewe, atuambie ilipanda mita ngapi na ilimlazimu kuongeza udongo mara ngapi.