Karaoke ya Kijapani: Wimbo Upi Utampa Mwanamke wa Dodoma Alama za Juu?
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mpiga kinanda Daisuke Inoue wa Kobe, Japani, alivyounda mashine yake ya karaoke mwaka 1971 na kuikodisha kwenye baa bila kuisajili kwa hataza. Leo tunaingia kwenye swali linalowahusu moja kwa moja akina dada wa Dodoma, wale waliosoma Kijapani pale Chuo Kikuu cha Dodoma na wale waliokipenda kwa kutazama katuni: mwanamke anayetaka mashine impe alama nyingi achague wimbo gani?

Tuanze na anayetoa alama. Kwenye baa zetu nyingi karaoke ni kompyuta, spika mbili na maneno yanayopita kwenye skrini. Wanaohukumu ni watu waliokaa mezani, na hukumu yao ni makofi. Mashine za Japani, kama DAM na JOYSOUND, hufanya kazi kwa njia nyingine, na programu za simu za kuimbia zinafuata mkondo huohuo. Ndani ya mashine kuna orodha ya noti zote za wimbo: kila noti na kimo chake, wakati wake wa kuanza na muda wake wa kudumu. Ukiimba, mashine inapima mitetemo ya sauti yako kwa sekunde na kuilinganisha na orodha ile. DAM huangalia pia kama sauti inatulia unaposhikilia noti ndefu, kama inapanda na kushuka kwa nguvu, na kama mtetemo wako una mpangilio. Alama ya juu kabisa ni 100.

Kwa hiyo wimbo mwepesi kwa mashine ni ule ambao koo lako linaweza kuufikia noti kwa noti, mwanzo hadi mwisho, bila kukaza shingo. Umaarufu wake hauongezi hata alama moja.

Hapo ndipo akina dada wengi wanapoumia. Katika kwaya zetu msichana mwenye kipaji hupelekwa sauti ya kwanza, na waliobaki hupelekwa sauti ya pili. Matokeo yake tumezoea kudhani kuwa mwanamke anayeimba vizuri ni yule anayefika juu. Mwenye sauti nzito akipewa maikrofoni anachagua wimbo wa juu ili athibitishe kuwa naye anaweza, anafika kwenye kiitikio, koo linabana, noti zinashuka chini ya kimo chake, na anarudi kitini akiamini hana sauti. Sauti anayo, tena nzuri. Ufunguo ndio haukumfaa. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu wanawake wengi wameacha kuimba kabisa kwa kosa ambalo kitufe kimoja kingelirekebisha. Mashine hizi zina kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo kwa nusu sauti, na ukishausogeza, orodha ya noti nayo inasogea. Kuushusha hakukupunguzii alama.

Sasa kwa nini nyimbo za Kijapani? Kwa sababu kinywa cha Mswahili kimeshafanya nusu ya kazi. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e na o, kama zetu, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Irabu ndiyo inayobeba noti, na mashine husikia kimo chako vizuri zaidi hapo. Kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka Ulaya hulipata kwa taabu: n ya Kijapani inaweza kusimama peke yake na kuchukua pigo lake. Sisi tunafanya hivyo kila siku tunapotamka mtu au nchi. Irabu ndefu nazo ni zilezile za kaa na choo. Mashairi yao ya jadi huhesabu mizani, 5 kisha 7, kama washairi wetu wanavyohesabu 8 kwa 8. Kitakachokusumbua ni tsu, ambayo hutamkwa kwa kuunganisha t na s kwa pamoja. Ifanyie mazoezi peke yake kabla ya kuigusa ndani ya wimbo.

Ugogoni kuna la ziada, nami naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwani sijaona likielezwa mahali pengine kwa ajili ya waimbaji wa kawaida. Wataalamu waliouchunguza muziki wa Wagogo, kama Gerhard Kubik, walionyesha kuwa ngazi yake inatokana na sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Kwa lugha ya kwaya ni do, re, mi, sol na ti iliyoshushwa. Nyimbo nyingi za Japani, zile za shule na za zamani, hujengwa kwa do, re, mi, sol na la. Angalia: noti nne kati ya tano ni zilezile. Mwanamke aliyekua akisikia zeze na ilimba, au aliyewahi kuinama juu ya ngoma ya muheme, ambayo huku hupigwa na wanawake, ana ramani ya wimbo huo masikioni kabla hajausikia.

Tatizo ni ile noti ya tano. Ti ya Kigogo, ambayo ni sauti ya asili ya 7, iko chini ya ti iliyoshushwa ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu sauti. La ya Kijapani iko chini zaidi, kama theluthi mbili za nusu sauti kutoka hapo. Sikio lenye mazoea ya Kigogo likiitafuta la huivuta juu kuelekea nyumbani kwake, na mashine, ambayo inajua ngazi ya kinanda tu, huandika kosa. Mi nayo hushuka kidogo. Muziki wa Kigogo haujakosea chochote. Hizo ndizo sauti za Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma ambaye Wajapani walimwalika na kurekodi kazi zake, na ndizo sauti za Pendo na Leah Zawose, wanawake wa ukoo huo waliotoka kwenye kuitikia wakaongoza wenyewe katika albamu yao ya Maisha ya mwaka 2024. Ila ukiwa mbele ya mashine, fungua programu ya kinanda kwenye simu, bonyeza sol kisha la, uimbe mara nyingi hadi la itulie. Aliyelelewa na kinanda cha kanisani hatahitaji zoezi hili.

Sasa nyimbo zenyewe. Epuka kwanza zile ambazo wapenzi wa katuni huzikimbilia. "Zankoku na Tenshi no Tēze" wa Yoko Takahashi, wa mwaka 1995, na "Gurenge" wa LiSA, wa mwaka 2019, ni nyimbo za kasi zinazopanda juu. Maneno yanabanana, na ukichelewa silabi moja unakosa noti tatu.

Sasa zile za kuzifikiria. "Ue o Muite Arukō" wa Kyu Sakamoto, uliotoka mwaka 1961 na kushika namba moja Marekani mwaka 1963, una beti zinazokaa kwenye zile noti tano nilizozitaja. Uliimbwa na mwanamume, kwa hiyo tafuta ufunguo wako kwanza. Jihadhari na sehemu ya kati, ambako muziki unageuka na noti za nje ya ngazi hiyo zinaingia.

"Nada Sōsō", ulioimbwa na Rimi Natsukawa mwaka 2001, ni wa polepole na mzuri mno. Maneno ni ya Ryoko Moriyama, aliyeyaandika akimkumbuka kaka yake marehemu. Misemo yake ni mirefu, hivyo unamfaa mwenye pumzi. "Kawa no Nagare no Yō ni" wa Misora Hibari, uliotoka Januari 1989, miezi michache kabla hajafariki, huwavutia wenye sauti nzito kwa kuwa beti zake ziko chini. Lakini kiitikio kinapoanza yeye huruka kutoka sauti ya kifua kwenda sauti ya kichwa, na kwenye mruko huo wengi hupoteza alama. Siushauri kwa anayeanza.

Kwa anayeanza nachagua "Mirai e" wa Kiroro, wasichana wawili wa Okinawa, wa mwaka 1998. Mwendo ni wa taratibu, silabi zimeachana, na mada yake, mama na mwanawe, inaeleweka hata kwa asiyejua lugha. Zaidi ya hayo unaanza na kiitikio. Maana yake ndani ya sekunde chache umeshajua kama ufunguo unakufaa. Ukibana, simamisha, shusha nusu sauti mbili, anza upya. Andika namba ya ufunguo ulioupata kwenye daftari, uitumie kila mara.

Katika sehemu ya tatu tutazungumzia pumzi na namna ya kushika maikrofoni. Kabla ya hapo, dada msomaji, chukua "Mirai e" uuimbe nyumbani kila siku kwa ufunguo wako mwenyewe, hata kama ni wa chini kuliko wa wenzako wote.