DALILI ZA BREKI MBOVU KATIKA PIKAPU KUUKUU

Wasomaji wetu wa Dodoma, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Singida wajua kazi ya pikapu vijijini. Ndiyo ichukuayo mahindi na alizeti kwenda sokoni, ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku. Nyingi ni kuukuu, tena hupita katika vumbi na mito ya mchanga. Basi tumeona vema kueleza dalili za breki mbovu, ili mwenye gari azitambue kabla ya kupatwa na msiba.

Watu wa nchi hii hawakusahau tarehe 24 Juni 2002. Siku ile breki za treni ya abiria zilishindwa kuizuia mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi hata ikagonga treni ya mizigo karibu na Igandu. Watu 281 walikufa. Breki za treni si kama za pikapu, lakini sheria ni moja: chombo kisichoweza kusimama hakifai kuondoka.

Kwanza yafaa kufahamu jinsi breki zinavyofanya kazi. Dereva akanyagapo pedali, mafuta ya breki husukumwa kutoka silinda kuu, hupita katika mabomba membamba mpaka magurudumuni, na huko huzisukuma lainingi zibane dramu au diski. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika. Kitu cho chote kikiharibika njiani, mguu huo huo hupata habari.

Basi lisimamisheni gari mahali tambarare, zuieni magurudumu kwa mawe, kisha kanyageni pedali kwa nguvu na kuishikilia nusu dakika.

Pedali ikiwa laini kama sifongo, yamkini upepo umeingia katika mabomba, maana upepo hubonyea. Fundi hana budi kuutoa. Ikiwa yashuka mbali kabla ya kushika, lakini hupanda ikikanyagwa mara mbili tatu upesi, huenda lainingi za nyuma zimelika na zataka kurekebishwa au kubadilishwa.

Pedali ikizidi kushuka polepole chini ya mguu, hiyo ndiyo dalili mbaya kupita zote. Mafuta yapotea mahali. Tazameni upande wa ndani wa kila gurudumu, kando ya mabomba, na chini ya pedali. Msipoona unyevu, yamkini raba zilizomo ndani ya silinda kuu zimechakaa, na mafuta hupita kando yake bila kuonekana nje. Gari hilo lisitoke mpaka litengenezwe.

Tena, gari likivutwa upande mmoja wakati wa kufunga breki, mara nyingi ubovu uko upande wa pili, ambao haushiki. Likivutwa kulia, tazameni kwanza gurudumu la kushoto: huenda silinda yake imekwama, au lainingi zimelowa mafuta. Gurudumu moja likiwa na joto kupita mengine, breki yake haiachii. Sauti ya chuma kusaga chuma ni alama ya kuwa lainingi zimekwisha kabisa.

Wengine waonapo mafuta ya breki yamepungua, huongeza na kwenda zao. Hilo ni kosa. Mafuta haya hayachomwi kama petroli. Yakipungua, yamevuja au lainingi zimelika. Wengine hutia mafuta ya injini, nayo huvimbisha raba na kuharibu breki zote.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakisha kunyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, nao hubonyea kama upepo, na pedali huenda chini pasipo kushika katikati ya mteremko. Kwa hiyo yafaa kuyabadilisha kila miaka 2, na kuushuka mteremko kama wa Sekenke kwa gea ndogo, si kwa kukanyaga breki mfululizo.

Tahadhari moja zaidi. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Msilipulize kwa kinywa wala kwa pampu. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji.

Viongozi wa vijiji na walimu, twawasihi jambo hili: kabla ya kumruhusu dereva kupakia wanafunzi au wagonjwa, mwambieni aikanyage pedali nusu dakika mbele yenu. Ikishuka, mtafuteni fundi, na safari ingoje.