Kupiga Picha Magofu: Kabla Uingie na Kamera, Jua Kwanza Nani Alihama

Kila asubuhi makanga wa Nairobi wanaita majina ya majengo yaliyokufa na hakuna mtu anashtuka. "Odeon, Odeon!" Odeon ilikuwa sinema. Globe pia ilikuwa sinema, sai wengi wanaijua tu kama raundabauti. Ukishuka Drive-In pale Thika Road, unashuka mahali wasee walikuwa wanacheki muvi wakiwa wamekaa ndani ya gari. Bellevue ya Mombasa Road ni stori hiyo hiyo. Na Allsops? Hicho kilikuwa kiwanda cha bia. Majengo yalienda ama yakabadilisha kazi, jina likabaki kwa mdomo wa kondaa.

Mimi ni mmoja wa wale watu wakiona jumba limefungwa, madirisha yamevunjika na nyasi zimemea mlangoni, hawawezi pita tu. Lazima nijue ilikuwa nini. Wikendi wenzangu wakienda kucheki mechi, mimi natafuta stesheni ya zamani ama kiwanda kilichofungwa, napiga picha. Watu huniuliza mbili tu: "Huogopi majini?" na "Hiyo inakuletea doo?" Majibu ni hapana, na si sana.

Lakini hii hobi imeanza kushika. Ukiingia TikTok unaona vijana wako juu ya paa la jumba fulani, muziki wa huzuni chini, laiki elfu mia. Ni poa. Shida ni kwamba wengi wanaingia wakidhani jengo limeachwa, yaani halina mwenyewe na halina stori. Hapo ndio tunakosana. Kiswahili kina neno zuri sana, mahame. Ni mahali watu wamehama. Ndani ya hilo neno kuna mtu, na mtu huhama kwa sababu. Ukipiga picha ya ukuta bila kujua nani alihama na kwa nini, una picha ya ukuta tu.

Acha nikuchanue venye hii kitu inafanywa.

Anza na Gede, juu hapo unaruhusiwa

Usianze na jumba la watu. Anza mahali kuna tiketi. Ukitoka Mombasa kuelekea Malindi, karibu na njia panda ya Watamu, kuna mji mzima wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu. Ni Gede. Kuna msikiti mkubwa, jumba la mfalme, nyumba za matajiri, visima na makaburi. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 kwa kalenda yetu. Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wameshahama. Mwaka wa 2024 mji huo uliingia kwa orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Kwa nini walihama? Wanahistoria wanataja mashambulizi, na wanataja maji. Kuna kisima pale kilichimbwa tena kikaongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yanashuka chini. Hebu fikiria, mji wenye vyombo vya kauri kutoka Uchina ukakosa maji. Ukiishi mtaa wa Nairobi wenye mfereji hutoa maji mara moja kwa wiki, hiyo si stori ya kale.

Kitu nilipenda zaidi ni majina ya nyumba. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua pale mwaka wa 1948, hakuwa na majina ya wenye nyumba. Kwa hivyo nyumba ziliitwa kulingana na kitu kilichopatikana ndani. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Sanduku la Pembe. Hilo ndilo somo la kwanza la mpiga picha wa magofu. Usipige tu paa lililoanguka. Tafuta mkasi. Kitu kidogo kilichosahaulika hueleza mtu kuliko ukuta wote.

Reli: mahame marefu kuliko yote Kenya

Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Kisumu 1901. Njiani kulikuwa na stesheni nyingi ndogo, na kila stesheni ilizaa kamji kake. Kulikuwa na mama wa mayai, mzee wa chai na nyumba za wafanyakazi wa reli. Halafu SGR ikazinduliwa Mei 31, 2017. Treni mpya ina vituo vichache na inapita kwa spidi. Mama wa mayai hakuhamia huko, juu abiria wa SGR hanunui kitu dirishani.

Ukipiga picha stesheni moja ya hizo ndogo utapata ubao wenye jina la mahali, dirisha la tiketi, na benchi. Ni fremu tamu sana. Lakini chukua rada mbili. Kwanza, reli ni mali ya shirika na kutembea juu yake bila ruhusa ni kosa. Pili, usidhani kila reli yenye nyasi imekufa. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilikuwa imepotea kwa miaka, ikarudi Desemba 2021. Kuna sehemu treni ya mizigo inapita bado, na haitakungoja umalize selfi.

Kama uko Nairobi na huna nauli ya kwenda mbali, Makumbusho ya Reli yako karibu tu na stesheni, na yamekuwepo tangu 1971. Kuna vichwa vya treni vya zamani unaweza piga ukitulia. Hata lile behewa ambalo simba alimtoa Charles Ryall ndani yake pale Kima, mwaka wa 1900, liko hapo. Lipa, ingia, piga.

Viwanda ndio vinauma

Hii sehemu ndio huwa nzito. Webuye kulikuwa na Pan Paper, kiwanda cha karatasi kilichoanza miaka ya 1970. Mji wote ulikuwa unapumua kwa hicho kiwanda. Kilipofungwa mwaka wa 2009, nyumba za kupanga zilibaki wazi na biashara zikalala. Baadaye, 2016, kilipata mwenyewe mpya. Miwani, karibu na Kisumu, kulikuwa na kiwanda cha sukari kilichoanzishwa 1922, cha kwanza nchini. Kilisimama. Ramisi, kule Kwale, kiwanda cha sukari kilikufa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kuna kiwanda kimoja, sitakitaja, nimeenda mara tatu. Mara mbili za kwanza nilipiga mashine zilizoshika kutu nikaenda zangu. Mara ya tatu watchie alinipa kiti. Akaniambia yeye hakuja hapo kama watchie. Alikuwa fundi wa mashine. Kiwanda kilipofungwa, mishahara ya mwisho haikulipwa, na baadaye akaitwa arudi kulinda geti. Sai anachunga usiku mashine aliyokuwa anaendesha mchana. Nilimuuliza kama naweza mpiga picha. Akakataa, akasema, "Piga ile ya pili kutoka mlangoni. Hiyo ndio yangu." Niliichapisha nikampelekea. Ameibandika ndani ya kibanda cha geti.

Tangu hiyo siku siiti kiwanda kilichofungwa "kimeachwa". Wenye pesa ndio walikiacha. Wengine bado wako getini.

Si kila gofu ni la huzuni, lakini. Nje ya Ngomeni, kaunti ya Kilifi, kuna majukwaa ya chuma yamesimama baharini kama mitambo ya mafuta. Hayakuwa ya mafuta. Hapo Waitaliano walikuwa wanarusha roketi, kuanzia 1967 hadi 1988. Mnamo Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa juu kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei angani pekee. Huwezi panda kule bila ruhusa, lakini wengi wa rika letu hata hawajui kwamba Kenya ilikuwa na kitu kama hicho.

Na kuna zile zinazofufuka. Sinema ya Shan pale Ngara ilinyamaza, sai ni Sarakasi Dome, vijana wanaruka sarakasi na kupiga shoo ndani.

Sheria: hakuna jumba halina mwenyewe

Kenya kuna Sheria ya Uingiliaji wa Mali, na haijali kama mlango ulikuwa wazi. Kuingia kwa shamba ama jumba la mtu bila ruhusa wala sababu ya maana kunaweza kukupeleka kortini. Kambi za jeshi, vituo vya stima, magereza na maeneo yaliyolindwa ndio usiguse kabisa. Huko ukipatikana na kamera, kujieleza kwa karao itachukua usiku mzima. Droni nayo lazima isajiliwe na KCAA, kuna kanuni za 2020. Ukirusha kienyeji inaweza kunaswa, na wewe pia.

Njia rahisi ni kuongea. Tafuta watchie mchana, si usiku. Msalimie vizuri, mwite mzee ama mama kulingana na umri, toa kitambulisho kabla aulize, mwonyeshe picha ulizopiga kwingine. Mwambie unataka nini na utachukua muda gani. Akisema lazima boss aulizwe, omba namba ya boss. Akikataa, rudi. Watchie akikuruhusu kisiri halafu ikasemekana vifaa vimepotea, ni yeye atafutwa kazi. Usimweke mtu wa watu kwa hiyo noma juu ya picha.

Usalama: gofu halina huruma

Kwa Kiswahili, gofu pia ni mtu aliyekonda akabaki mifupa. Jengo liko hivyo hivyo. Linasimama lakini halina nguvu. Wakati jengo la Huruma lilianguka Aprili 2016, zaidi ya watu 40 walikufa, na lilikuwa na watu wanaishi ndani. Je, hili lenye halijaguswa miaka ishirini? Ukiona alama kubwa ya X nyekundu ukutani, wakaguzi wameshasema. Hiyo picha ipige kutoka nje.

Ndani, fuata haya:

Usiende peke yako. Kuna stori maarufu ya Paris ya Philibert Aspairt, aliyeingia mahandaki ya chini ya jiji mwaka wa 1793. Inasemekana mwili wake ulipatikana 1804, ukatambuliwa kwa funguo. Nenda watatu, na mtu wa nne aliye nyumbani ajue mko wapi na mtarudi saa ngapi.

Tembea pembeni karibu na ukuta, si katikati ya sakafu ya mbao. Ngazi isiyo na reli ya kushika, achana nayo.

Vaa viatu vilivyofunika, si slaidi. Misumari yenye kutu ipo kila mahali.

Vaa barakoa. Mapaa mengi ya zamani ni ya asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kinyesi cha popo nacho pia si cha kuvutwa pumzi.

Beba tochi halisi. Ile ya simu inakula chaji, na chaji ndio ya kuitisha msaada.

Chunga visima, matangi na mashimo yaliyofunikwa na nyasi. Chunga nyuki pia.

Picha zenyewe

Huhitaji kamera ya laki. Simu yoyote ya kawaida inatosha, bora ujue mwanga. Nenda asubuhi ama jioni, jua likiwa linaingia dirishani kwa upande. Gusa skrini pale kwenye mwanga, ushushe mwangaza kidogo, kivuli kiwe kivuli. Usitumie flashi, inaua vumbi lote zuri hewani. Egemeza simu ukutani uweke taima kama kuna giza.

Piga kila mahali mara tatu: chumba chote, ukuta mmoja, halafu kitu kimoja kidogo, kama kalenda iliyokwama kwa mwezi fulani, kitasa, ama jina lililochorwa na msumari. Usisogeze kitu ili picha itoke fiti. Usibebe kitu pia. Kijana wa Toronto, Jeff Chapman, alianza jarida la hii hobi mwaka wa 1996, na heshima kwa jengo ilikuwa sehemu ya mafundisho yake. Wanaokuja kuchora graffiti na kung'oa milango hatuko mbogi moja.

Ukitaka kujua jengo lilikuwaje likiwa hai, ingia Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, lile jumba ambalo lenyewe lilikuwa benki. Ama uliza wazee wa stage. Wao ndio kumbukumbu ya bei rahisi.

Ukiposti, ficha njia

Hii ndio kanuni ya mwisho, na wengi huivunja juu ya laiki. Kama mahali hapana tiketi wala ulinzi wa maana, usiweke lokesheni. Wanaofuata si wapiga picha peke yao. Watu wa vyuma chakavu pia wako TikTok. Uharibifu wa vyuma ulikuwa umezidi hadi Januari 2022 serikali ikasimamisha biashara ya skrapu kwa muda. Ukionyesha geti limevunjika upande gani, umewachorea ramani.

Na kama ndani kuna mtu analala, hapo si gofu tena, ni keja ya mtu. Bisha. Usimpige picha akiwa amelala, usimweke mtandaoni na muziki wa huzuni. Muulize jina lake kwanza.

Halafu kwa kila picha andika mahali, tarehe, na kama unajua, nani alifanya kazi hapo. Matingatinga ya hii nchi huja usiku, na mara nyingi asubuhi hakuna mtu atakuwa na ushahidi mwingine isipokuwa ile simu yako. Kwa hivyo weka nakala mahali pengine, si kwa simu pekee. Na ukienda Makumbusho ya Reli wikendi hii, beba kitambulisho, maji na pauabenki.