Kompyuta ya gemu ya mkononi: ya zamani inatosha

Umeuza mbaazi, mfukoni una milioni moja na ushee, na unaitaka ile kompyuta ya gemu ya kushika mkononi kabla hela haijapata kazi nyingine. Ukiwa Gehandu, mkoani Manyara, bei ya mtandaoni ni mwanzo tu wa hesabu.

Inayojulikana zaidi, Steam Deck, ilianza kuuzwa Februari 2022 kwa dola 399. Novemba 2023 likaja toleo la kioo cha OLED, likianza na dola 549. Dola ikiwa Sh 2,500, bei hiyo ya pili ni Sh 1,372,500. Weka usafirishaji na bima, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote, na tozo za forodha. Milioni 1.6 inapita kabla mzigo haujapanda basi la Babati. Muuzaji akisema bei yake ina kila kitu, mwambie akukatie risiti ya EFD uone atakavyobadilika.

Toleo jipya linakupa kioo kizuri na betri ya Wh 50 badala ya 40. Nguvu ya kuendesha gemu ni karibu ileile. Kwa hiyo iliyotumika ya 2022, kama betri bado nzima, ndiyo ya kutafuta. Diski yake ikijaa inabadilishwa, ila ni ile SSD fupi ambayo si kila duka linayo. RAM ya GB 16 imechomelewa, haiongezeki. Watengenezaji wengine hutoa mpya karibu kila mwaka; waache watoe.

Gharama inayosahaulika ni bando. Gemu moja kubwa inaweza kufika GB 100. Piga hesabu hiyo kwanza, au tafuta mtu mjini mwenye intaneti isiyopimwa. Na umeme ukikatika, gemu nzito inamaliza chaji kwa saa mbili hivi.

Chini ya milioni? Chukua laptop ya ofisi iliyotumika, Arusha au Kariakoo. Gemu nzito za sasa hutacheza, lakini San Andreas na mpira wa miaka ya nyuma vinakwenda vizuri. Nyingi zinakubali kuongezwa RAM, kibodi ikifa fundi hakosi ya kubadilisha, na mchana inaandika barua za watu kwa malipo. Mashine ya mkononi ikiharibika, spea ni za kuagiza nje, na garantii ya Marekani haikufikii huku.

Ukishikilia ya mkononi, usilipe kabla hujaicheza nusu saa mpaka ipate moto. Sikiliza feni, maana vumbi la kiangazi huanzia hapo. Achia vijiti uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Kisha, ikiwa bado ya moto, chomeka memori kadi unakili faili: modeli moja maarufu ya 2023, si Steam Deck, ilikuwa ikiharibu kisomaji cha kadi kwa joto, na mtengenezaji alikiri.